Kalamu ya Mzee: Mafunzo Niliyopata Tulipotafuta Mkurugenzi wa Kuokoa Maduka Yetu

Lori la mkate lilifika saa kumi na moja alfajiri, likasimama mbele ya lango la kupokelea mizigo, na dereva hakushuka. Injini iliendelea kunguruma. Siku hiyo nilikuwa nimedamka mapema kwa sababu meneja wa tawi alinipigia simu usiku kuniambia kwamba rafu ya mkate imekaa tupu siku mbili. Nikamwendea dereva dirishani. Akaniamkia, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayempasha mwenzake habari za msiba: "Mama, nisamehe. Nimeagizwa nisishushe kreti hata moja kabla sijahesabu pesa mkononi."

Tukahesabu pesa. Meneja alizitoa kwenye mauzo ya jana yake, noti za mia na za hamsini, nami nikamulika kwa tochi ya simu huku dereva akilamba kidole na kuhesabu. Nilikuwa na miaka 17 katika kampuni ile. Niliingia nikiwa keshia, nikawa msimamizi wa kaunta, nikapanda hadi kuwa mkuu wa idara ya wafanyakazi. Asubuhi ile ndipo nilipojua moyoni kwamba tunafilisika, ijapokuwa hakuna aliyekuwa amelitamka neno lenyewe.

Kampuni ilikuwa ya familia, yenye matawi 11 kuanzia Nakuru kuelekea magharibi mwa Kenya. Siitaji jina kwa sababu wenyewe wangali hai, na baadhi yao walinitendea wema ambao sitausahau. Ninachosimulia ni kipindi cha miaka miwili na nusu ambacho tuliajiri wakurugenzi wakuu wawili, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja tukimtumaini kuwa mwokozi. Mimi nilikuwa katibu wa kamati iliyowatafuta wote wawili. Wa kwanza tulimpoteza baada ya miezi 9. Wa pili aliokoa kilichoweza kuokolewa.

1. Pesa iliyo kwenye droo si yako

Kamati ilipokutana mara ya kwanza, kila mtu alikuja na mchawi wake. Mmoja alisema ni Carrefour, iliyofungua duka lake la kwanza nchini mwaka 2016 kule Karen, Nairobi. Lakini wakati huo Carrefour haikuwa na tawi hata moja katika miji yetu. Mwingine alisema wafanyakazi wanaiba. Wizi ulikuwepo, siwezi kuukana, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiandika barua za kuwafuta kazi waliokamatwa. Hata hivyo, wizi wa keshia hauangushi maduka 11.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kukiri. Supamaketi huuza kwa pesa taslimu leo, na humlipa msambazaji baada ya siku 30, 60, pengine 90. Katikati hapo droo hujaa. Mwenye duka akitazama akaunti benki anaona mamilioni. Faida yake halisi ndani ya mamilioni hayo ni kiduchu: kwenye pakiti ya sukari ya kilo mbili sisi tulibaki na shilingi chache zisizotosha kununua andazi. Zinazosalia ni za kiwanda cha sukari, za msaga unga, za mama aliyeleta trei za mayai. Zimelala kwako tu, zinangoja siku yake ifike.

Sisi tulizijengea. Katika miaka miwili tulifungua matawi manne, tukalipa kodi ya pango ya majengo mapya, tukanunua majokofu na jenereta. Kila tawi jipya lilipofunguliwa, wasambazaji walilijaza bidhaa kwa mkopo, na mauzo yake yakalipia madeni ya matawi ya zamani. Kwa macho ya mpita njia tulikuwa tunakua. Siku 60 zikawa 90, 90 zikawa 150. Na msambazaji anayecheleweshewa malipo hapigi kelele kwanza, anapunguza. Unaagiza katoni 100 za mafuta ya kupikia, analeta 40. Mwezi unaofuata analeta 10. Halafu lori halionekani tena.

Vijana wa rafu waliagizwa wasiache nafasi wazi. Penye mafuta ya kupikia wakapanga karatasi za chooni, kwa kuwa zinajaza mahali pakubwa kwa pesa kidogo. Penye unga wakapanga maji ya chupa, safu moja tu ukingoni, nyuma yake hewa. Siku moja nilimwona mama mmoja amesimama mbele ya zile karatasi na kikapu mkononi, anaangalia juu, anaangalia chini, anatafuta mafuta. Alikuwa ameshachukua sabuni na chumvi. Akakiweka kikapu sakafuni na vitu vyake ndani, akatoka mikono mitupu. Nilikiokota mimi. Mpaka leo nikiulizwa supamaketi hufa vipi, namkumbuka yeye kabla ya kukumbuka hesabu yoyote.

Kwetu Nakuru jambo hili liliuma zaidi, kwa sababu kaunti hii ndiyo chimbuko la maduka makuu ya Kenya. Nakumatt ilianza hapa ikiuza magodoro, na jina lake ni kifupi cha Nakuru Mattress. Tuskys na Naivas nazo zina mizizi huku. Nakumatt ilipanuka ikapita matawi 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Habari za mwanzo wa anguko hilo tulizisoma magazetini tukiwa wenyewe kitandani, na tulitambua kwamba hesabu zetu zimeandikwa kwa mwandiko uleule.

2. Tangazo letu la kazi liliwaficha wagombea ugonjwa

Tuliandika tangazo kama yanavyoandikwa matangazo yote ya cheo kikubwa: shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka 15, mtu mwenye maono. Tukachuja majina, tukabaki na watu sita, tukawahoji kwa siku mbili katika hoteli moja Naivasha. Tuliwauliza wanaiona kampuni wapi baada ya miaka mitano. Tuliwauliza wanaongozaje watu. Kumbukumbu za mikutano ile nilizichukua mimi, na nimezisoma upya mara nyingi. Hakuna mahali tulipouliza: Jumatatu asubuhi maziwa yatafikaje dukani? Wala hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyeonyeshwa orodha ya madeni.

Mzee mwenye kampuni hakutaka wageni waione. Alisema mtu aingie kwanza, aapishwe kama wa nyumbani, ndipo aonyeshwe. Nami, niliyekuwa nimekaa naye meza moja na kumpenda kama baba, nilinyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo nilikuwa naijua tangu darasa la nne. Kuijua hakukunifungua mdomo.

Tuliyemchagua alikuwa ametumikia benki miaka mingi. Mtu mwaminifu, anayefika kazini kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Watu wengi mjini walisema baadaye kwamba alishindwa kwa sababu hakuwa mtu wa maduka. Si kweli, na nataka iandikwe kwamba si kweli. Orodha ya madeni aliiona siku ya nne kazini, na ninakumbuka aliikunja mara mbili, akaikunjua, akaniuliza kama hiyo ni ya mwezi huu peke yake.

3. Ukimpa mtu usukani, ondoa mkono wako

Kampuni ilikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyefikiria kuigusa. Hundi yoyote inayozidi shilingi 200,000 ilihitaji saini mbili, na zote mbili zilikuwa za familia: ya Mzee na ya mwanawe mkubwa. Mkurugenzi mkuu mpya, mwenye gari la kampuni na ofisi ya ghorofa ya tatu, hakuweza kumlipa msambazaji wa unga bila kwenda nyumbani kwa Mzee jioni na folda kwapani.

Alijitahidi. Aliwaita wasambazaji wakubwa mmoja mmoja, akakubaliana nao tarehe, akawapa mkono. Walimwamini kwa sababu alikuwa mgeni na jina lake halikuwa na doa. Kisha tarehe zikafika, na pesa zao zilikuwa zimeshatoka kwa hundi nyingine. Moja ilikwenda kwa fundi aliyekuwa akijenga tawi la 12. Nyingine ililipa deni la shamba. Hakuna aliyemwambia mkurugenzi. Alijua pale msaga unga alipoingia ofisini kwake bila kubisha, akamwekea mezani hundi iliyorudishwa na benki, akasimama kimya. Mimi nilikuwa ndani nikimpelekea barua za kutia saini. Msaga unga hakutukana. Alisema tu, "Nilikuamini wewe, si hao," akageuka akatoka.

Wiki tatu baadaye mkurugenzi alijiuzulu. Barua yake ilikuwa ya mistari minne, haikumlaumu mtu.

Nimefuatilia tangu hapo jinsi familia nyingine zenye maduka zinavyolivuka jambo hili, na mfano unaonigusa uko Afrika Kusini. Raymond Ackerman alinunua maduka manne ya Pick n Pay kule Cape Town mwaka 1967, akayakuza yakawa miongoni mwa makubwa barani. Mambo yalipoharibika, mwaka 2023 walimwita tena Sean Summers, aliyewahi kuyaongoza na kuondoka mwaka 2007. Alikuwa mtu wa nyumbani, anayeijua kila rafu. Lakini kumwita hakukutosha. Mwaka uliofuata kampuni iliwaomba wanahisa randi bilioni 4, ikauza sehemu ya maduka yake ya Boxer kwenye soko la hisa la Johannesburg, na familia ya Ackerman ikakubali kura zake zishuke chini ya nusu. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza uzito wa kikao walichokaa. Kuachia kitu ambacho baba alikianzisha kwa maduka manne ni kazi nzito kuliko kumtafuta meneja yeyote.

4. Mahojiano ya kweli hufanyika kwenye lango la mizigo

Mara ya pili nilikataa hoteli. Niliiambia kamati kwamba tutawapeleka wagombea kwenye tawi letu moja alfajiri, bila kumwarifu meneja, na tutawaacha watembee. Sisi tutaangalia wanachoangalia.

Walikuwa watatu. Wa kwanza alitazama taa, sare za wafanyakazi na bango la nje, akatushauri tubadilishe rangi. Wa pili aliomba ripoti za mauzo, na alizisoma vizuri. Wa tatu alikuwa mama mmoja aliyekuwa ameuza maziwa kwa supamaketi kwa miaka mingi, na kampuni aliyotoka ilikuwa ikitudai. Huyu hakuingia dukani kwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akamsalimia mlinzi, akamuuliza watoto hawajambo, kisha akamuuliza malori mangapi yameingia tangu juzi na mangapi yamegeuzwa bila kushusha. Mlinzi alikuwa anayaandika yote kwenye daftari lake la kurasa 48. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliomba.

Kutoka hapo alikwenda kwenye jokofu la maziwa, akaingiza mkono hadi nyuma kabisa, akatoa pakiti ya nyuma akasoma tarehe. Pakiti ya nyuma ilikuwa imepitwa na wakati siku sita. Alieleza bila kututazama: mpangaji wa rafu anayejali huweka mali mpya nyuma na ya zamani mbele, hii ya nyuma imezeeka kwa sababu aliyezipanga ameacha kujali, na ameacha kujali kwa sababu mshahara umechelewa. Kisha akanigeukia mimi, mkuu wa wafanyakazi, akauliza umechelewa siku ngapi. Nilimjibu ukweli: siku 19.

Hakukubali kazi siku hiyo. Aliomba kuonana na Mzee nyumbani kwake, na akaomba wanawe wawepo. Tulikaa sebuleni, tukaletewa chai ya maziwa na chapati, na kwa muda mrefu walizungumza habari za mvua na mahindi, kama inavyopasa. Kisha akasema, "Mzee, nina maombi matatu. Nikipewa mawili tu, nitakushukuru kwa chai na nitarudi nyumbani."

Ombi la kwanza, apewe orodha kamili ya madeni, ikiwemo ya ndugu na marafiki. La pili, awe na uwezo wa kufunga tawi lolote lisilojilipia kodi, hata lile lililobeba jina la marehemu mama wa familia. La tatu, saini za hundi zote ziwe mbili, yake na ya mhasibu mkuu, na hakuna mtu wa familia awe kwenye karatasi ya benki.

Mwana mkubwa alisimama, akasema maneno makali ambayo sitayarudia. Mzee alimwashiria akae. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kalamu ya wino aliyozoea kutilia saini, nyeusi, kifuniko chake kimekwaruzika hadi shaba inaonekana. "Binti yangu," akasema, "kalamu hii niliinunua nikiwa na duka moja, nauza mafuta ya taa na chumvi. Nipe wiki."

Siku ya nane alinipigia simu nimsindikize benki. Afisa wa benki alituletea fomu ya kubadilisha watia saini, na ilikuwa na kurasa nyingi, kila ukurasa kijana yule alikuwa akionyesha kwa kidole na kusema, "Na hapa pia, Mzee." Mkono wake ulikuwa unatetemeka, lakini hakuruka hata mahali pamoja. Alipomaliza alifunika kalamu, akairudisha mfukoni, na njia nzima ya kurudi hakusema neno. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote nilizomwona akifungua matawi kwa nyimbo na mikasi ya kukatia utepe.

5. Mlipe mdogo kwanza, na mlipe siku uliyosema

Mkurugenzi mpya hakupanda ghorofa ya tatu kwa mwezi mzima. Aliagiza meza na kiti viwekwe pembeni mwa lango la mizigo, akakaa pale na jaketi lake, kuanzia saa kumi na moja. Jambo lake la pili lilikuwa kuwaita wadai wote katika ukumbi wa kanisa. Walikuwa 312 kwenye orodha, wakaja zaidi ya 200. Akasimama akawasomea jumla ya deni, tarakimu kwa tarakimu. Ukumbi uliguna. Wengi walikuwa wanalijua deni lao peke yake. Hawakuwahi kusikia la wenzao.

Kuanza kwa kusema ukweli wa vitabu si jambo jepesi, na wakubwa zaidi yetu wamelipitia. Dave Lewis aliingia kuiongoza Tesco ya Uingereza tarehe 1 Septemba 2014, akitoka Unilever. Wiki tatu baadaye kampuni ilitangaza kwamba makadirio ya faida ya nusu mwaka yalikuwa yametiwa chumvi kwa takribani pauni milioni 250, sehemu kubwa ikiwa ni pesa za wasambazaji zilizohesabiwa kabla ya wakati wake. Mapema mwaka 2016 msimamizi wa kanuni za biashara ya vyakula nchini humo alikuta kwamba Tesco ilikuwa ikichelewesha kwa makusudi kuwalipa wasambazaji. Lewis aliuza ndege za kampuni na akawatuma wafanyakazi wa ofisini wakahudumie madukani. Lakini kwangu mimi zile wiki tatu za mwanzo ndizo zenye funzo: bila kutaja shimo huwezi kulifukia.

Makubaliano ya ukumbini yalikuwa haya. Madeni ya zamani yasimame, yalipwe polepole kwa miezi 30. Mali mpya ilipwe kila Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi, bila kukosa. Na wote wanaodai chini ya shilingi 100,000 walipwe chote ndani ya wiki sita. Pesa hizo zilitoka kwenye malori mawili tuliyouza na kiwanja kimoja cha Mzee, ambacho alikitoa mwenyewe bila kuombwa.

Wasambazaji wakubwa walinung'unika. Kwa nini wadogo watangulie? Jibu la mkurugenzi nililiandika kwenye daftari langu. Kiwanda kikubwa kikicheleweshewa kinaandika barua. Mama wa mayai akicheleweshewa anauza kuku. Tena mboga, mayai na maziwa mala ndivyo vinavyomleta mteja dukani kila siku. Mtu hanunui mafuta ya kupikia kila siku, lakini sukuma wiki ananunua, na akishaingia kwa sukuma wiki atakumbuka sabuni.

Ijumaa ya kwanza ilipita, na ya pili. Ya tatu pesa hazikutosha. Nilidhani nitaona yale niliyoyaona mwanzo, simu zisizopokelewa na karani anayeambiwa aseme bosi yuko mkutanoni. Mkurugenzi aliwapigia wasambazaji Jumatano, yeye mwenyewe, jina kwa jina, akawaambia kila mmoja atapata nusu Ijumaa na nusu Jumatatu. Walikasirika Jumatano. Ijumaa walipata nusu, Jumatatu wakapata nusu. Wiki iliyofuata kiwanda cha mafuta, kilichokuwa kimetukatia miezi mitano, kilileta katoni 60. Vijana wa rafu walizipanga wakiimba, na karatasi za chooni zikarudi mahali pake.

6. Jina kubwa halijazi rafu

Tulipokuwa tukitafuta, mmoja wa wana wa Mzee alitaka sana mtu maarufu. Nilimkumbusha supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa mkono wa serikali, ikafungwa mwaka 2006, na ikafufuliwa chini ya Jonathan Ciano hadi ikatoka kwenye usimamizi wa mufilisi mwaka 2010 na kurudi soko la hisa la Nairobi mwaka 2011. Ufufuo ule ulikuwa wa kweli, nchi nzima iliushangilia. Lakini Juni 2015 bodi ilimwondoa Ciano, na Agosti akaja Julius Kipng'etich, mtu aliyepata sifa kubwa katika Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Miezi miwili baadaye matawi ya Uganda na Tanzania yalifungwa, na mwishoni mwa 2017 yeye naye aliondoka. Uchumi haikurudia ukubwa wake. Simlaumu, duka lenye deni na rafu tupu linahitaji mtaji na imani ya wasambazaji kabla ya kuhitaji jina.

7. Majina yasomwe na anayeyafahamu

Matawi matano yalifungwa. Hilo la mama wa familia lilikuwa la pili kufungwa. Wafanyakazi 260 walipoteza kazi, na orodha niliiandika mimi kwa sababu mkurugenzi alisema aliyewaajiri ndiye awaage. Nilitaka kutuma barua kupitia kwa mameneja. Akakataa. Tulikwenda pamoja, tawi kwa tawi, na kila mahali tuliwakusanya kabla ya kufungua mlango, nikasoma majina, naye akaeleza haki zao na siku watakayolipwa. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na walilipwa.

Nilikuwa nimewaajiri wengi wao wakiwa wametoka tu kumaliza shule. Niliwafundisha kufunga sare, kutabasamu wakati mteja amekasirika, kuhesabu chenji mara mbili. Katika tawi moja, baada ya kusoma majina, kijana mmoja wa rafu alibaki nyuma. Ni yule niliyemwona akipanga karatasi za chooni penye mafuta. Alikuwa amefanya alivyoagizwa, tena kwa mpangilio mzuri mno. Aliniuliza, "Mama, wakiniuliza kwa nini niliacha kazi, niseme nini?" Sikuwa na jibu palepale. Nilimwambia anipe wiki, kama Mzee alivyosema.

Nilikaa nyumbani jioni saba nikiandika barua za mapendekezo, moja moja, si za kunakili. Niliandika 260. Nimestaafu sasa, na matawi sita yaliyobaki yanaendelea kuuza. Wale walioondoka bado hunipigia simu wanapohitaji barua mpya, kwa sababu ya zamani imechakaa au mwajiri anataka yenye tarehe ya karibu. Mwezi uliopita kijana yule alipiga. Anaomba kazi ya kusimamia stoo ya duka la dawa mjini Eldoret. Nilimwandikia usiku uleule: kwamba nilimfahamu kazini miaka sita, kwamba hakukosa siku hata moja bila ruhusa, kwamba mali iliyopita mikononi mwake haikupungua, na kwamba tawi alilofanyia kazi lilifungwa kwa makosa ambayo hakuna hata moja lililokuwa lake.